Gosse, Brussels na Duara la Viti

Gosse Haitsma namjua tangu ana ng'ombe sitini na nywele kichwani. Vyote viwili vimekwenda, mdomo umebaki. Tumekuwa majirani miaka arobaini, mfereji tu katikati, na sikumbuki sherehe ya kuzaliwa hapa kijijini ambayo hakuihutubia.

Kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, siku ya kuzaliwa hatuchezi ngoma. Viti vinapangwa duara sebuleni. Unampongeza mwenye siku yake, kisha unampa mkono kila aliyeketi na kumpongeza naye, hongera kwa binti yako, hongera kwa jirani yako, mpaka bega liume. Unapewa kahawa na kipande cha keki. Kimoja. Ukishakaa huondoki, na Gosse hilo alilijua vizuri.

Kahawa haijapoa, keshaanza. "Wakubwa wa Umoja wa Ulaya walituambia tusikamue sana, maziwa yamejaa Ulaya nzima. Sawa, tukabana. Miaka thelathini baadaye wakasema haya, kamueni mtakavyo. Tukaongeza ng'ombe. Hata hatujakaa vizuri, wakasema jamani, mavi yamezidi. Sasa niambieni, huko Brussels kwenye ofisi zao wanadhani ng'ombe anakamuliwa bila kunya?"

Si kwamba alikosea. Tumelisikia mara mia tu. Na kura yake amezunguka nayo vyama vyote: cha kanisa, cha wafanyakazi, cha wenye hasira, na juzi hiki cha wakulima, alipotundika bendera ya taifa miguu juu, alama ya maandamano yao, kwenye trekta la kuazima. Chama chake kikishinda, wiki ya pili yeye yuko upinzani.

Enzi za mkewe, Sjoukje, tulikuwa salama. Mama yule alikaa pembeni yake, anamwacha aseme dakika tatu hivi, halafu anamtwanga teke la kifundo cha mguu. Gosse anakatiza palepale na kula keki yake. Sjoukje akafariki mwaka juzi, na hotuba ikakosa breki. Mara ya mwisho aliongea kutoka kahawa mpaka jibini la kufungia sherehe, shangazi mmoja akakoroma.

Basi binti yake Jeltsje akaja juu. Mjukuu, Hiske, alikuwa anatimiza miaka ishirini na minne na kumleta mchumba wake, Thijs, kijana wa ofisi mojawapo huko huko Brussels. Nilikuwa jikoni kwa Gosse Jeltsje alipotoa masharti.

"Baba, neno moja tu la Brussels, jina lako nalifuta kwenye kalenda ya chooni."

"Hata nikiulizwa?"

"Hata ukiulizwa. Sema hujui."

"Mimi? Sijui?"

Usicheke. Kalenda ya siku za kuzaliwa tunaitundika chooni, mkabala na macho, mtu aisome akiwa ametulia. Asiyekuwemo hakumbukwi, haalikwi. Na Gosse, tangu awe mjane, hana pa kukaa na watu ila kwenye viti hivyo.

Siku ikafika, tukakusanyika kwa Jeltsje. Akapongeza kila mtu, hata Thijs, "hongera kwa mchumba wako," akaketi, akafunga mdomo. Nilimwona anameza maneno pamoja na kahawa. Thijs, maskini, akaleta uungwana wake.

"Babu, nasikia ulikuwa mfugaji. Hizi sera mpya za kilimo unazionaje?"

Duara zima tukashika vikombe.

"Sijui," Gosse akasema.

Wanasema kimya kingi kina mshindo. Hiki kilikuwa na saa ya ukutani tu. Tukazungumzia mvua. Tukazungumzia mvua ya mwaka jana. Ndipo nilipong'amua kwamba miaka yote arobaini sisi wengine hatukuwa na la kusema, kazi yetu ilikuwa kumlalamikia yeye. Niliona aibu, nasema kweli.

Gosse akaenda chooni, akakawia. Aliporudi hakuketi.

"Jeltsje. Mama yako bado yumo kwenye kalenda. Tarehe kumi na moja, mwezi wa sita."

"Najua, baba."

"Marehemu hufutwa."

"Kalamu ninayo. Mkono ndio hautaki."

Jeltsje akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakitua pembeni ya kiti cha baba yake, akamvuta mzee aketi.

"Haya, Thijs," akasema, "muulize tena."

Thijs akauliza. Loo, Gosse alivyochanua. Gilda, sarafu yetu ya kabla ya yuro, ikafufuliwa na kuzikwa upya, mawaziri wakapata yao, wakulima wenzake nao hawakusalimika. Kijana akajitetea kwamba yeye huko kazi yake ni kupanga mikutano tu.

"Kumbe ni wewe," Gosse akasema. "Ndiyo maana haiishi."

Hiske alicheka mpaka akapaliwa. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye mavi ya ng'ombe, niliposikia kiatu kikigonga mfupa.

Gosse akanyamaza katikati ya neno. Akamgeukia binti yake.

"Mama yako," akasema polepole, "alikuwa anapiga mguu wa kushoto."

"Basi ulete huo wa kushoto."

Akauleta. Jeltsje akaupiga, na Gosse akala keki yake.