Maiki Yenye Manyoya

Muuzaji wa duka lile la Singida mjini aliniuliza swali moja tu: "Unaenda kumrekodi nani?" Nikamwambia ni mama mkwe wangu, mzee. Akanitolea maiki ndogo kama punje ya hindi, ya kubana kwenye nguo kifuani. "Chukua hii," akasema. "Inakaa karibu na mdomo. Hata akigeuka, inamsikia."

Macho yangu yalikuwa kwenye nyingine, ile ndefu ya kupachika juu ya kamera, yenye kofia ya manyoya. Wapiga picha wa ziara za viongozi ndiyo wanayotembea nayo. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Kiomboi, na nilikuwa nimechoka kudharauliwa. Nikajitia mtu wa mila: "Ndugu yangu, kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, sembuse kumbana kitu kifuani!" Akaniambia haya, mila ni mila, akanifungia ile ndefu. Mila ipo kweli, ila kuifanya sababu ulikuwa uongo mtupu. Niliitaka kwa sifa.

Mama mkwe alikuwa na uvimbe kooni. Wiki iliyofuata angepasuliwa, na daktari alishasema wazi kwamba huenda sauti isirudi. Mke wangu aliniomba kitu kimoja. "Baba watoto, picha hata ikiwa mbovu, sawa. Mimi nataka sauti ya mama."

Tukaenda kwake, kule Sekenke. Nilipoifunga ile maiki juu ya kamera, shemeji yangu akapiga makofi: "Loo! Kumbe tumeozesha kwa mtangazaji!" Nikavimba kichwa, wallahi. Mama mkwe akatoka, nikamwamkia kwa mbali, akaitikia akiangalia chini. Akakaa ubavu ubavu kama wakwe wanavyokaa, khanga kichwani, uso ameuelekeza kwa mke wangu aliyekaa mlangoni mwa jiko. Maiki yangu ikabaki inatazama khanga.

Niliona. Lakini nitamwambiaje mama mkwe, "Geuka unitazame"? Mdomo ungeniozea. Basi nikaacha. Na hedifoni za kukagua sauti zilikuwa kwenye begi, sikuzivaa. Nilikuwa namsikia kwa masikio yangu, nikadhani maiki nayo inasikia.

Alieleza karibu saa nzima, kwa sauti yake ile ndogo: baba yake alivyokuja kuchimba dhahabu pale, ndugu zake wadogo waliofariki na kuzikwa jirani na mashimo, jina la mmoja mmoja. Majina hayo hakuna mwingine anayeyajua. Mimi nimesimama nyuma ya kamera, nashangilia: "Ehee, mama! Endelea!"

Jioni hiyo, nyumbani, nikafungua kusikiliza. Upepo. Kuku. Halafu mimi, safi kabisa: "Ehee, mama! Endelea!" Yeye alikuwa mnong'ono tu, huwezi kuokota hata neno.

Mke wangu akaniuliza kutoka chumbani, "Imetoka?"

"Imetoka safi," nikasema.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya kupasuliwa. Siku nne nzima! Ningeweza kurudi na maiki ya kuazima, ningeweza hata kumshikisha simu mkononi. Sikurudi, kwa sababu kurudi ni kukiri mbele ya mke wangu na yule shemeji kwamba manyoya yale yalikuwa bure. Niliona aibu ndogo, nikaikimbia, na sasa nina hii.

Sauti haikurudi. Alipopona kidonda, mama mkwe akaletwa kwetu kupumzika. Wajukuu wakataka kumsikia bibi yao. Nilikuwa nimeshawapiga chenga wiki mbili, kwamba bado nasafisha video, lakini siku hiyo mke wangu aliichukua kompyuta mwenyewe na kuifungua. Upepo ukajaa sebuleni. Kuku. "Ehee, mama! Endelea!"

Watoto wakacheka. Mke wangu akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, akaongeza sauti mpaka mwisho. Nikaanza ile hadithi yangu ya mila, kwamba dukani kulikuwa na maiki ndogo ya kubana, lakini mkwe hawezi.

"Si ungeinunua tu?" akasema. "Ningembana mimi. Ni mama yangu."

Ndipo mama mkwe, ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniangalia machoni, akainua kichwa akanitazama usoni. Akafungua mdomo kutaka kuniambia kitu. Hakikutoka.

Nikageuza uso mimi.