Maneno Niliyoyachapa Kwenye Chupa ya Asali

Admin, usiweke jina langu wala mtaa ninaokaa. Songea tunajuana. Nina miaka sitini na mbili, mjane. Huwa nasoma visa vya watu hapa sitoi chozi, na sidhani nitalia kwa changu. Naandika kwa sababu Jumamosi nina mgeni.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia kila mtu biashara, nilikuwa mpiga taipu ofisini, na marehemu mume wangu alifungua kiduka Majengo. Alileta asali ya nyuki wadogo kutoka Nalasi. Haikutoka. Akaniambia, "Watu hawanunui asali, wananunua kupona. Hebu tuchapie karatasi." Nikachapa: INATIBU KISUKARI, PRESHA NA VIDONDA VYA TUMBO. Hakuna aliyetuambia hivyo. Nilikaa tu kwenye mashine, maneno yakaja. Nikabandika kwa uji wa muhogo, asali ikaanza kutoka.

Kisha akaja bwana afya. Hakuwa mkali. Alisoma lebo, akavua miwani. "Shemeji, asali ni chakula. Mkisema inatibu mmeifanya dawa, na dawa lazima ipimwe, serikali iruhusu. Bandueni hayo maneno, asali uzeni." Tukabandua mbele yake. Alipoondoka mume wangu akacheka, "Ruksa gani hii ya kufuatiliana mpaka lebo!" Nikachapa za aina mbili. Ya kwenye shelfu ilisema Asali Safi. Ile ya zamani ilikaa chini ya kaunta, kwa wanaouliza.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mwalimu, mjane, akikaa Mjimwema na binti yake wa miaka sita. Alikuwa na kisukari, akimeza vidonge vya hospitali. Alikuja dukani akaulizia, nikampa chupa ya chini ya kaunta. Akaisoma taratibu, kama anasahihisha daftari. "Wifi, kweli hii inatibu?"

"Si imeandikwa hapo, wifi."

Basi, ndivyo nilivyomjibu. Akashukuru. Alirudi mara kadhaa, na siku moja akaniambia anajisikia mwepesi, vidonge ameacha. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa namimina asali kwenye chupa, nikaendelea kumimina.

Ilikuwa kabla masika ya mwaka ule hayajaisha. Alianguka darasani, akafikishwa hospitali hajitambui, siku ya tatu akafariki. Daktari alituuliza kama aliacha dawa. Mume wangu akasema, "Alikuwa anameza kila siku." Mimi nikaendelea kukunja kanga za wifi. Msibani nilipika, nikaosha masufuria, watu wakasema wifi kama huyu hapatikani. Lebo zilizobaki nilizichoma jikoni. Mume wangu aliona, hakuuliza. Amekufa hatujawahi kulizungumza.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Yule binti tukamlea, ananiita mama. Sasa ana watoto wake, anaishi mkoa mwingine. Wiki iliyopita alinipigia.

"Shikamoo mama. Nimepimwa, nina kisukari."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

"Wamenipa vidonge, lakini mama, sijaanza. Marehemu mjomba alikuwa anasema mama mzazi alimeza kila siku na bado akafa. Sasa vya kazi gani? Jumamosi nakuja, unieleze mama yangu alikufaje."

Nikamwambia karibu. Nikakata simu nikaenda kuanua nguo.

Nilimpigia tena jana nikamwambia aanze vidonge. Akasema, "Tutaongea nikifika, mama." Najua hataanza kwa kuambiwa tu. Itabidi ajue kwamba mama yake hakufa akiwa anameza, na atauliza kwa nini aliacha. Hapo ndipo nitakapolazimika kujitaja. Sina mtu mwingine duniani zaidi yake.

Nimeshafua mashuka ya kitanda chake, kuku nimeagiza. Moyoni sisikii kitu, si hofu wala huzuni, na hilo nalo linanishangaza. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, lakini mkimaliza mnishauri. Akishakaa, akinywa chai, nianze na neno gani?