Kigoda cha Mlangoni

Mama yangu hakujua kusoma, lakini ndiye aliyenifanya mwandishi. Kule Kasikeu, nikiwa darasa la sita, akina mama wa ushirika wake walinikalisha kila Alhamisi baada ya shule niwaandikie maombi yao kwenye daftari: mume arudi, mahindi yasikauke, goti lipone. Siku ya kwanza mama aliushika mkono wangu pamoja na kalamu, akauombea mbele yao wote. Alimwambia Mungu kwamba mkono huo ni wake, na kwamba siku utakapoandika uongo aukaushe. Wenzake wakaitikia amina kwa nguvu. Niliogopa, na sijaacha kuogopa. Watu huniuliza wito wangu ulianzia wapi wakitarajia jambo tamu. Ulianzia hapo, kwenye hofu.

Siku hizi naishi Zombe, na kando ya vitabu vyangu naandika historia za marehemu. Mtu akifa, familia hunipigia simu, nami natunga zile kurasa mbili zinazosomwa kabla ya mahubiri: kuzaliwa, kuokoka, ndoa, watoto, ugonjwa, mwisho. Nina mazoea yangu. Kila marehemu wangu alipenda watu, na kila mmoja alilala akiwa amezungukwa na watoto wake. Nilijiambia kwamba huo si uongo, ni adabu ya msiba. Hata hivyo, kila nilipomaliza nilikuwa naukunja mkono wa kulia na kuukunjua, kuhakikisha.

Kiangazi kimoja mwanamume alinipigia kutoka mji mmoja wa barabara ya Mombasa.

"Tunataka historia ya mama yetu wa Tulia," akasema. "Ifanye mapema, mtu wa kuchapa anasumbua."

Akanitumia habari zake kwa simu: mkulima wa ndengu, mwanakwaya, watoto watano. Niliandika mchana mmoja tu. Tarehe ya kufa hakuwa ameitaja, nikaacha nukta. Ilibaki picha, na kesho yake nikaenda Tulia kuichukua.

Kilichonisumbua kwanza ni kimya. Boma lenye msiba huwa na hema, viti vya kuazima, akina mama kwenye sufuria, na watu wawili watatu wanaobishana kuhusu maji. Hapa hapakuwa na kitu. Ilikuwa saa sita, jua limesimama wima, na kuku walikuwa wamelala midomo wazi. Nilipita katikati yao na hakuna hata mmoja aliyejisogeza. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani, bikizee alikuwa anapepeta ndengu kwenye ungo, polepole, bila kuniangalia.

"Wakya," akanisalimu kwa Kikamba kabla sijabisha.

"Aa, susu," nikajibu, kama mjukuu wa kwetu anavyomjibu nyanya yake. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Ingia."

Kando ya mlango palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kidogo, kimeng'aa kwa kukaliwa. Nikainama nikikalie.

"Hapo kuna mtu," akasema, macho bado kwenye ungo. "Kaa kwa kitanda."

Nikakaa kitandani. Naona aibu kusema kwamba nilikitazama kile kigoda mara ya pili.

Nilidhani ni dada wa marehemu. Nikamuuliza kama alimjua vizuri.

"Namjua. Soma vile umemwandika, nikwambie kama ni yeye."

Nikasoma. Aliendelea kupepeta, akitikisa kichwa kukubali kila mwaka nilioutaja. Nilipofika kwenye kwaya alicheka kidogo. Niliinua uso nijifute jasho, nikaiona picha ukutani nyuma yake: mwanamke kijana katika sare za kwaya, mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kovu lile lile lilikuwa mbele yangu, likitikisika pamoja na ungo. Nikakatiza kusoma. Nilikuwa namsomea mtu kifo chake.

"Endelea," akasema. "Daktari alisema nirudishwe nyumbani, na huyo kijana wangu hapendi kushikwa na mambo ghafla. Yeye si mbaya. Mbona umenyamaza hapo?"

"Hapo ni tarehe, susu. Nimeweka nukta."

"Ni nyingi?"

"Kama kumi."

"Basi niko na nafasi."

Nikausoma mstari wa mwisho kwa sauti ndogo, ule wa kuzungukwa na watoto. Akaacha kupepeta, akatazama mlangoni.

"Kuna mmoja hujaandika," akasema.

Akanieleza. Mwaka wa njaa, binti yake wa miaka minne alishikwa na homa. Alimpeleka kwa mganga, na kanisa likasikia, likamtenga. Siku ya kugawa mahindi ya serikali alimkalisha kwenye kigoda hicho, akamwambia asitoke mpaka mama arudi. Foleni ilikwenda hadi jioni. Aliporudi alimkuta bado ameketi, ameegemea mwimo wa mlango, macho wazi kuelekea njiani.

"Hakutoka," akasema. "Nilimwambia asitoke."

Hakuna aliyekuja kuomba. Mtoto alizikwa nyuma ya ghala bila wimbo, na mume akakataza jina lake kutajwa nyumbani. Baadaye kanisa lilimsamehe mama, likamrudisha kwenye kwaya, na miaka yote hiyo aliimba jina likiwa limekwama kooni.

"Naenda kumwona sasa. Ataniuliza kama nilimwita. Wewe mwiitu wangu, msichana wangu, muandike na yeye. Asomwe mbele ya kanisa."

Akaniambia jina. Nililiandika, na kwa mara ya kwanza tangu Kasikeu nilihisi kuna mtu ameushika mkono wangu pamoja na kalamu. Nilipoinuka kwenda, alisema kwa Kikamba, kwa upole, bila kuniangalia mimi: "Kaa kidogo tu. Si mbali sasa." Alikuwa amegeukia kigoda. Nilitoka kwa kupitisha miguu mbali nacho.

Mwanawe alikasirika kwenye simu.

"Hiyo ya mtoto itoe. Watu watasema mama alikuwa mtu wa waganga."

"Ni yeye ameniomba."

"Wewe tulikuita uandike. Hatukukuita uhubiri."

Bikizee alivuka mvua za mwisho wa mwaka. Wakati huo habari zilifika Zombe kwamba nimemsomea mtu aliye hai historia yake ya maziko. Wengine walianza kunisalimu kwa mbali. Mke wa shemasi aliniomba kwa heshima nisimuulize tena alizaliwa mwaka gani. Nilicheka naye, lakini nyumbani kwangu niliacha kuwakalisha wageni karibu na mlango.

Bikizee alikufa asubuhi, hospitalini, peke yake, wauguzi wakipokezana zamu. Mwanawe akanipigia niende kusoma, kwa kuwa wote walijua mimi ndiye msomaji. Vijitabu vilivyochapwa vilikuwa na maneno yangu ya kwanza, nukta zimejazwa tarehe, watoto watano. Karatasi ya pili, yenye jina la mtoto, ilikuwa mfukoni mwangu. Niliikunjua nikaiweka juu ya kijitabu. Yule mwana, kifungua mimba, alikuwa ameketi mwisho wa safu ya familia, na aliniangalia kwa namna niliyoielewa.

Nikasoma kuzaliwa, ndoa, kuokoka. Nikafika kwenye watoto. Niliutazama mkono wangu wa kulia ulioshika maikrofoni, nikaona vidole vimekuwa vyeupe. Nilikuwa na hofu ya kweli, ya darasa la sita. Nikasema sita. Nikalitaja jina.

Watu chini ya hema wakaacha kujipepea. Mchungaji akainua kichwa. Yule mwana akasimama, akaja moja kwa moja kwangu, nami nikaishika maikrofoni kwa nguvu nikijua anakuja kuninyang'anya. Akanipita. Aliingia nyumbani kwa mama yake, akatoka amekibeba kigoda kwa mikono miwili. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mwaka ule wa njaa alikuwa na miaka tisa, na kwamba yeye na baba yake ndio waliochimba nyuma ya ghala.

Akakiweka kigoda kwenye safu, kando ya kiti chake, akakaa. Mkono wake mmoja aliuacha hewani juu ya kigoda, pale ambapo kichwa cha mtoto wa miaka minne kingefika.

Ule mstari wa mwisho, wa kuzungukwa na watoto, nilikuwa nimeukata kwa wino, kwa sababu mama huyu alikufa peke yake. Niliitazama ile safu iliyolizunguka jeneza, nikawahesabu, wakatimia sita, na nikausoma.