Almasi za Mke Mwenzangu

Mume wangu alikuwa mtu wa kugawa sawa. Akininunulia mimi doti ya kanga hapa Newala, na mke mwenzangu wa Masasi alipata doti yake. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, hata zamu za kulala, hakuna aliyepunjwa. Watu walimsifu msikitini, nami ningelalamika nini? Yule binti nilimwonea wivu tangu siku alipoolewa, lakini wivu wangu haukuwa na pa kushika.

Biashara ya simu ilikuwa imefunguliwa kwa yeyote, kila mwenye fremu ya duka Masasi anauza simu za tachi. Msimu wa korosho ulipokwenda vizuri mume akatuletea kila mmoja ya kwake, aina moja, rangi moja. Ndani yake tulikuta gemu ya shamba. Unapanda mahindi, unamwagilia, unangoja yaive, unauza, unanunua kuku. Kisima chake kilijaa polepole mno na wengi walikata tamaa hapo. Mimi nimekulia kwenye kushuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo kungoja kisima kijae huku nimekaa zangu barazani niliona ni starehe. Miezi na miezi nililea shamba lile. Siku ambazo mume alikuwa Masasi, ndilo nililoshinda nalo.

Mwenzangu alianza nyuma yangu sana. Gemu ilituonyesha mashamba ya tunaofahamiana, basi kila asubuhi nilichungulia lake, nikaona magugu, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, tena nilichungulia mara mbili. Halafu asubuhi moja nikakuta ghala la ghorofa, ng'ombe, maua kila upande na kisima kimefurika. Nilijua hapohapo. Mume alikuwa amelipa hela halisi kwa simu, akamnunulia almasi za kurukia kazi yote niliyoifanya mimi.

Aliporudi kutoka Masasi nilimuuliza, akacheka. Akasema ni mchezo tu, binti alikuwa analia kisima hakijai. Kumbe dawa ilikuwa kulia! Mimi bibi mkubwa, mjinga, nilikuwa namwagilia.

Nikaenda Mnyambe kwa mjomba wangu, maana ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Nilimkuta anachambua korosho za kupeleka ghalani, hana muda na mtu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nilimweleza habari ya gemu na almasi zake, hakuelewa, wala hakutaka kuelewa.

"Zinalika?" aliuliza.

Nikasema haziliki.

"Zinavalika?"

Wala hazivaliki.

"Lakini katoa hela."

"Katoa, mjomba."

"Basi na wewe akupe." Akarudi kwenye korosho zake.

Mume hakubisha. Kwetu mjomba akishasema, umekwisha mjadala. Asubuhi ya kuondoka kwenda zamu ya Masasi alichukua simu yangu, akalipia almasi kama zile za mwenzangu, hakupunguza hata moja. Nilizitumia zote palepale, kwa hasira, ili yule binti aone. Kisima kikajaa. Mahindi yakaiva kwa kuguswa tu, ghala likapata ghorofa, ng'ombe wakasimama zizini. Nikachungulia shamba lake, nikalinganisha, nikaona sijapitwa na kitu. Nilijisikia nimeshinda, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ya kweli.

Mume akafunga mzigo wake, akaniaga, akapanda pikipiki. Nikakaa, nikashika simu kama nilivyozoea akishaondoka. Nikatafuta cha kupalilia, hakuna. Nikatafuta cha kungoja kiive, hakuna. Kila kitu kilikuwa kimeshaiva, na vumbi la pikipiki yake lilikuwa bado halijatua.