Noti Saba Ndani ya Mpingo

Albano alikuwa mchonga vinyago wa Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, na alikuwa bahili. Tuliseme hilo mapema lisije likatusumbua mbele. Ubahili wake haukutokana na roho mbaya. Alivuka Mto Ruvuma kwa miguu akiwa kijana, akakata mkonge Lindi miaka minne, kisha akaingia Dar es Salaam na shilingi mbili na tezo moja. Mtu wa namna hiyo haiachi senti ianguke hivi hivi.

Mwezi wa nane mwaka 1953, Leonardi, mtu wa kijijini kwao ng'ambo ya Ruvuma, kwenye utawala wa Mreno, alimletea habari mbaya. Kodi ya nyumba ya mama yake ilikuwa haijalipwa miaka miwili. Isipolipwa kabla ya mwezi wa tisa kwisha, mdogo wake Nikodemu angechukuliwa kwenda kufanya kazi ya lazima kwenye mashamba ya pwani. Baba yao alichukuliwa vivyo hivyo, wala hakurudi.

Hela zilikuwepo. Albano alikuwa na noti saba za shilingi ishirini, jasho la miaka mitatu. Kazi ilikuwa kuzifikisha. Kitabu chake cha akiba cha Posta kilimfaa mpaka Mtwara tu. Akivuka mto, kile kitabu ni karatasi ya kufungia karanga. Njiani kulikuwa na wanyang'anyi, na kwenye kituo cha mpakani walipekua mizigo. Hela ya Mwingereza ikionekana, ilichukuliwa, na mwenyewe alilala ndani.

Kanji, mwenye duka aliyekuwa akinunua vinyago vyake, alimpa njia.

"Bwana Albano, niachie mie hizo hela. Namwandikia binamu yangu mwenye duka Msimbwa, kule kwa Mreno, barua inakwenda na meli ya wiki hii. Ndugu yako akifika dukani akataja neno tutakalopatana hapa, anahesabiwa hela za kule. Mie nachukua shilingi saba tu."

"Shilingi saba kwa karatasi!"

"Kwa kulala usingizi, bwana."

Albano aliaga kwa heshima akaondoka. Shilingi saba kwake zilikuwa siku nne za kuinamisha mgongo. Na tuseme kweli, hakuwa anaamini hela asiyoweza kuigusa.

Jioni alimweleza mkewe Yuliana alichokusudia: atatoboa gogo la mpingo, azitie noti ndani, azibe kwa nta na unga wa mpingo wenyewe.

Yuliana alifikiri kidogo. "Basi chonga mchi, Baba Anastasia. Mchi mbaya, uliopinda. Nani atatamani mchi?"

Shauri lilikuwa zuri, tena la bure, akalikubali. Mchi ni kazi ya siku moja. Asubuhi akaketi uani, akaupiga mpingo tezo, na kufikia adhuhuri ulikuwa umeshafanana na mchi. Hapo ndipo alipoliona bega. Mti ulikuwa na kifundo kidogo upande wa juu, na kifundo kile kwa macho yake kilikuwa bega la mwanamke aliyeinamia kinu. Angekipiga tezo kingekwisha. Mkono ulikataa.

"Huo ni mchi?" Yuliana aliuliza siku ya tatu, maana sasa kulikuwa na shingo.

"Nausawazisha tu."

Aliusawazisha siku kumi na mbili. Ukatoka mwanamke anayetwanga, kitambaa kichwani, na uchovu wa mikono yake ukionekana kabisa. Yuliana alikitazama kinyago, akamtazama mumewe. "Nilikwambia kibaya," alisema. Albano aliona aibu, lakini alijisikia vizuri pia, na hilo ndilo lililomponza.

Alikitoboa kwa chini, akazitia noti, akaziba kwa nta na unga wa mpingo. Kisha akapanda meli mpaka Mtwara, akatembea, akavuka mto kwa mtumbwi, akafika kituoni tarehe ishirini ya mwezi wa tisa. Askari walipekua mzigo wake. Hawakuona hela. Lakini mkubwa wa kituo, Mreno mwenye ndevu nyekundu, alikiona kinyago akakinyanyua. Akakigeuza huku na huku, akacheka kwa furaha, akakiweka juu ya meza yake. Kisha akamtupia Albano sarafu moja, akamwonyesha mlango.

Akisema kuna hela ndani, hela zinapotea, naye anakwenda gerezani. Akinyamaza, Nikodemu anakwenda.

"Mwambie bwana mkubwa," alimwambia askari mkalimani, "kile hakijakamilika, kitapasuka. Anipe nafasi nimchongee kizuri kuliko kile, anirudishie kibovu changu."

Mkubwa alikubali, maana hakuwa na la kupoteza. Albano akatafuta gogo la mpingo, akatoa tezo yake, akaketi barazani pa kituo akaanza kuchonga. Safari hii alijaribu kufanya haraka, akashindwa. Kikiwa kibaya Mreno hatabadilisha. Kikiwa kizuri siku zinakwisha. Kila jioni alihesabu siku kwa vidole, na kila asubuhi alikiangalia kile cha kwanza mezani kwa Mreno, karibu naye lakini hakiguswi. Alimchonga mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto amelala, shavu limebonyea kwenye bega la mama. Siku ya tisa alikipangusa akampelekea.

Mkubwa aliviweka viwili ubavu kwa ubavu. Alitazama muda mrefu. Mwishowe akakivuta kile cha pili kwake, na cha kwanza akakisukuma kwa kidole. Albano alikidaka na kutoka bila kuaga.

Alitembea siku mbili, na usiku mmoja kati yake hakulala. Alipoingia uani kwao alimkuta mama yake amekaa mlangoni. Hakungoja hata maji ya kunywa. Alipiga magoti, akasema shikamoo, akakigonga kinyago kwenye jiwe mpaka kikapasuka katikati, akazitoa noti zikiwa kavu, safi, zote saba, akamwekea mapajani.

"Nimezifikisha, mama. Haikupotea hata moja."

Mama alizishika noti zile kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Alimtazama mwanawe, akaangalia njia aliyotokea.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini kodi imeshalipwa. Hawakungoja mwezi uishe. Nikodemu ameilipa jana asubuhi, kwa miguu yake, akiwa amefungwa kamba mikononi."