Nani wa Kumchapa Georgina

Kokugonza alimng'oa Koplo Buberwa jino la mbele mbele ya watoto wa miaka minne waliokuwa wamepanga mstari. Ukilisikia hilo tu, utasema mwanamke yule alikuwa kichaa. Hakuwa kichaa. Alikuwa mama aliyetaka kumtafutia mwanawe shule ya vidudu, kama tulivyoziita siku zile shule za watoto ambao hawajafikia darasa la kwanza. Mimi Siti, mke wa Burhani wa bandarini Kemondo, nalieleza hili kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakilieleza kombo.

Kokugonza alizaliwa juu huko, upande wa Kamachumu, katika nyumba ya fimbo. Baba yake, mzee Damian, alikuwa akimpiga mkewe kwa chochote kilichokuwa mkononi, na mkewe akiwageukia watoto kwa chochote kilichokuwa jikoni. Kwao kipigo kilikuwa kama chumvi, hawakuona chakula kimeiva bila hicho. Kokugonza alikua akijua jambo moja, kwamba asiyepiga hupigwa. Kaka yake alipotaka kumnyang'anya kipande cha samaki, alimng'ata sikio mpaka damu ikamchuruzika shingoni. Kaka huyo hata uzeeni alikuwa akivaa kofia ya kufunika upande huo, ndani na nje.

Mimi nilimfahamu akiwa tayari mke wa mtu, akishuka Kemondo na mikungu ya ndizi kuwauzia watu wa meli. Siku moja kuli mmoja alimvuta kanga kwa utani wa kijinga. Kokugonza aliushusha mkungu kichwani mwa huyo kuli, akaupandisha, akaushusha tena. Kuli akakaa chini kwenye magamba ya samaki akiwa haelewi yuko Bukoba au Mwanza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu hapo akawa anaweka ndizi zake barazani kwangu, na tukawa marafiki.

Mumewe, Karugendo, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Angemkanyaga mbuzi, angemwomba radhi. Watu walisema anapigwa na mkewe, nao walisema uongo, kwa maana Kokugonza hakuwahi kumgusa mumewe hata kwa ukucha. Alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume wa kwanza aliyekaa naye chumba kimoja bila kumwinulia mkono. Mimba zao zilitoka moja baada ya nyingine, wakazika, wakanyamaza, wakajaribu tena. Ndipo akaja Georgina. Ni huyo tu.

Sasa nieleze habari ya kahawa, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Karugendo alipokuwa kijana bado, kabla hajaoa, walimzingira watu kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, kwa ugomvi wa mpaka wa kibanja cha migomba. Mmoja alikuwa na mundu, na mundu ulikwisha kumpasua bega. Buberwa ndiyo kwanza alikuwa ametoka jeshini, Keya ya Waingereza, na alikuwa anapita njia. Aliingia na rungu. Yule mwenye mundu alivunjwa taya, na maisha yake yote alikula uji kwa upande mmoja wa mdomo. Baada ya hapo Karugendo na Buberwa wakachanjiana damu kama Wahaya walivyokuwa wakifanya. Unachukua tunda moja la kahawa, ndani yake mna punje mbili pacha. Kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, anapaka punje damu yake, na mwenzake anaimeza kutoka kiganjani mwake. Hapo kila mmoja amekuwa omunywani wa mwenzake, ndugu kuliko ndugu. Mtoto wake ni wako. Ukimgeuka, ukimwinulia mkono, kahawa ile itaamka ndani yako, tumbo litavimba mpaka ufe. Mimi ni Mwislamu, sikuliamini. Karugendo alikuwa na rozari shingoni na aliliamini vilevile.

Ukaja ujamaa. Kijiji chao kilichoko juu ya Kemondo kikaamua kuwa na shule ya vidudu, akina mama wapate nafasi ya kwenda shamba la pamoja. Mwenyekiti, Rutashobya, alimchagua Koplo Buberwa kuwa mlezi, kwa sababu alijua Kiswahili cha kambini na alijua gwaride. Kwa akili ya Rutashobya, mtoto wa miaka minne alihitaji nini zaidi? Masista walikuwa na shule yao nzuri, lakini ilikuwa mbali mno kwa miguu midogo. Na kulikuwa na baraza langu. Nilikuwa nawalea watoto wa wanawake wa sokoni, nina mikeka, sufuria ya uji, na nyimbo nilizorithi kwa bibi yangu. Ubao sina, bendera sina.

Kokugonza alinitaka mimi.

"Bi Siti, huyu nitamleta kwako," alikuwa akisema. "Nikishuka na ndizi nashuka naye."

Lakini Buberwa alikwenda mwenyewe nyumbani kwao. Hakuomba. Alisimama mlangoni, akamshika Georgina kidevu, akamwambia Karugendo, "Mtoto wangu ataanza Jumatatu."

"Ndiyo, ataanza," Karugendo akajibu.

Kokugonza alimsubiri mgeni afike njiani, akamgeukia mumewe. "Ta Karugendo, nimekwenda kule nikachungulia. Yule anawasimamisha watoto juani na ana fimbo ya mbuni. Mtoto wa Ma Felicitas nimemwona mgongo umechorwa."

"Nimkatalie omunywani wangu, nimwambie mtoto nampeleka kwa mwanamke wa Kemondo?" Karugendo alisema. "Unataka nife?"

Basi Georgina akaenda kwa Koplo. Kila siku alirudi na alama, siku nyingine miguuni, siku nyingine viganjani. Aliacha kula vizuri. Akawa anajikojolea usingizini, jambo alilokuwa ameliacha zamani. Kokugonza aliona yote na alijizuia, na kwa mtu kama yeye kujizuia kulikuwa ugonjwa. Alikuja kwangu akaketi, akavunja vijiti vya kuni kimoja kimoja bila kujua anachofanya.

Siku wageni wa wilaya walipokuja kuikagua shule, Koplo aliwapanga watoto tangu asubuhi. Mguu sawa, mguu pande. Georgina akaomba kwenda kujisaidia. Akaambiwa angoje. Akaomba tena, akatandikwa fimbo ya paja. Wageni walipofika na kuanza kupiga makofi, mkojo ukamshuka mtoto mpaka kwenye vumbi, na mgeni mmoja akacheka.

Koplo alingoja wageni waondoke. Kisha akamshika Georgina mkono mmoja, akamnyanyua hewani kama mtu anayenyanyua kuku, na kumchapa kwa mkono wa pili. Mtoto alikuwa akizunguka pale hewani, naye akimfuata kwa fimbo. Mfupa ukavunjika. Watoto wenzake waliusikia, na nilizungumza na mmoja wao akiwa mtu mzima, akaniambia bado anausikia. Koplo akamwachia, akaanguka, akaambiwa asimame. Hakuweza kusimama.

Karugendo alimpeleka hospitali ya Ndolage kwa baiskeli ya kuazima, Kokugonza akikimbia nyuma. Mtoto alirudi mkono umefungwa plasta nyeupe kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko.

Nadhani hata hapo Kokugonza angemwachia mumewe alimalize. Alimngoja. Asubuhi akamwona Karugendo anatoka ua wa nyuma na kibuyu kikubwa cha rubisi begani, kimezibwa vizuri kwa majani ya mgomba, kama mtu anayekwenda ukweni.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa omunywani wangu." Macho yake yalikuwa chini. "Mtoto amemwaibisha mbele ya wageni. Tusipomtuliza, kahawa itaamka."

Kokugonza alikitazama kibuyu, akamtazama mumewe. Alikipiga teke, kikapasuka, rubisi ikamlowanisha Karugendo kuanzia kifuani hadi miguuni. Akajifunga kanga kiunoni na kushika njia.

Hakuchukua mundu wala mchi. Wanaosema alikwenda na panga walikuwa wamelala. Alifika shuleni mikono mitupu, akawakuta watoto mstarini, sufuria ya uji ikichemka pembeni, na Koplo anahesabu moja mbili.

"Mama, simama nyuma ya mstari," Koplo alimwambia.

Kokugonza alimnyang'anya fimbo. Alimpiga nayo usoni, mara fimbo ikakatika, akaendelea kwa ngumi. Jino lilitoka kwa ngumi, si kwa fimbo. Koplo alikuwa mwanajeshi, hakukubali kufa kama kuku. Alimpiga Kokugonza tumboni, akamshika nywele, akaupiga uso wake kwenye nguzo ya banda. Wakaangukiana, wakagaragara mpaka kwenye mafiga, sufuria ikapinduka na uji wa moto ukamuunguza Koplo mguu. Akapiga kelele kama nguruwe. Watoto wakatawanyika migombani wakilia, na mpaka jioni kulikuwa na wazazi wanaoitana huku na huku wakiwatafuta watoto wao.

Jumapili baada ya misa kikaitwa kikao cha kijiji. Nilipanda kwenda kusikiliza. Burhani alinikataza, nikamwambia amwangalie Mastura, binti yetu, nikaenda. Kokugonza alikuwa amekaa chini mbele ya watu wote, jicho moja limefumba. Koplo alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa kitambaa, fimbo ya kutembelea mkononi. Karugendo alikuwa katikati ya wanaume, amejikunja, anaonekana mdogo.

Rutashobya akasema maneno mengi juu ya siasa ya kujitegemea, kisha akafika alipokuwa anakwenda. "Huyu mama aombe radhi hadharani. Na Jumatatu mtoto arudi shule. Kama kila mzazi atakuja kupigana na mlezi, hatuna kijiji hapa."

"Mtoto harudi," Kokugonza alisema.

"Mume wako amekubali arudi."

"Mume wangu alikula kahawa ya huyu mtu. Mimi sikula. Na Georgina hakula."

Watu wakanung'unika, wanawake kwa namna yao na wanaume kwa namna yao. Koplo akainuka. Labda lile jino lilimuuma zaidi ya mguu. Akachechemea hadi pale Kokugonza alipokaa, na mbele ya mwenyekiti na waumini waliotoka kupokea komunyo, akamchapa fimbo ya mdomo. Mdomo ukapasuka. Kokugonza hakuinuka. Aligeuza kichwa tu, kwa lile jicho lililokuwa wazi, akamtazama mumewe.

Kila mtu pale alijua alichokimeza Karugendo.

Karugendo akasimama. Alitembea polepole kupita katikati ya watu, machozi yanamtoka tayari, na wengi wakadhani anakwenda kupiga magoti. Akaitoa fimbo mkononi mwa Koplo, kwa upole kabisa, na Koplo akamwachia kwa sababu hata yeye alidhani hivyo. Kisha akampiga. Alimpiga kichwani, akampiga kwenye mikono iliyokuwa inakinga kichwa, akampiga alipoanguka. "Nisamehe," alikuwa anasema, anapiga. "Nisamehe, ndugu yangu, nisamehe." Sikio la Koplo lilichanika likaning'inia. Wanaume wanne hawakuweza kumtoa, mpaka walipokuja wengine. Sijawahi kuona mtu akipiga kwa huzuni namna ile, na mimi nimekaa bandarini miaka yangu yote.

Walipomwachia alifungua vifungo vya shati, akalitazama tumbo lake. Kisha akaenda nyumbani kufa.

Sifanyi mzaha. Alijilaza kitandani, akamwita nduguye Ildefons amwonyeshe mipaka ya kibanja, akataka padre. Georgina akaketi kando yake. Kila mara Karugendo alijibonyeza kitovu na kuuliza kama kimeongezeka. Kokugonza, mdomo umeshonwa kwa uzi wa hospitali, alikaa mlangoni akimngojea afe, na yeye pia alikuwa ameanza kuamini. Kulipokucha tumbo lilikuwa vilevile, bapa, na lilikuwa linanguruma njaa. Akaomba ndizi.

Wakaja kwangu siku chache baadaye. Karugendo alikuwa amembeba Georgina mabegani, amepungua uzito lakini yu hai, na mara mojamoja alikuwa bado anajigusa tumbo. Kokugonza alisimama mbele ya baraza langu kama askari wa doria. Alikuwa amevunjwa uso, ameshonwa mdomo, ametangazwa adui wa kijiji kizima, na alikuwa ameshinda. Watoto wangu walikuwa mkekani wanakunywa uji.

"Bi Siti," akaniuliza kwa tabu, "hapa kwako mnapiga?"

"Simpigi mtoto wa mtu," nikasema. "Wala wangu."

"Uape."

Nikaapa. Karugendo akamshusha mtoto, akamweka mkekani. Nikaona macho ya Kokugonza yanajaa maji, jambo ambalo sikuwahi kuliona, hata siku walizokuwa wakizika mimba zilizotoka. Akainama. Kola ya gauni la Georgina ilikuwa imejikunja, naye akainua mkono wake amnyooshee.

Georgina akajikinga. Aliinua ule mkono wenye plasta haraka, akauweka juu ya kichwa, akafumba macho na kuingiza shingo mabegani, kwa ustadi wa mtoto aliyezoea.

Mkono wa Kokugonza ukabaki hewani.

"Georgina," akasema, "ni mimi. Ni mama."

"Najua," mtoto akajibu, wala plasta hakuishusha.