Marehemu Niliyemrudisha Nyumbani

Mezani kwangu kulikuwa na vitabu viwili. Cha jalada jekundu kilikuwa cha watoto waliofiwa na wazazi. Cha jalada la kijani kilikuwa cha wagonjwa waliotoka hospitali ya akili na kurudi kwao. Nilivitunza vyote viwili kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na kwa muda mrefu sikuwahi kuwa na sababu ya kuvifungua kwa pamoja.

Hii ilikuwa Kawangware, miaka ya sabini, katika kituo kidogo kilichoanzishwa na akina mama wa kanisa. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa Riruta alitupa chumba cha mabati na uwanja nyuma yake, tukaweka mafiga hapo ya kupikia uji na githeri. Mtoto aliyeandikwa kitabu chekundu alipata sare ya shule na ada, na kila Jumamosi alikula kwetu na kubeba unga wa wiki. Mgonjwa aliyeandikwa kitabu cha kijani alipata mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza hadi mlangoni kwake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja kudungwa sindano na muuguzi wetu. Mtu wa kusindikiza mara nyingi nilikuwa mimi.

Jumatano moja asubuhi gari la hospitali lilimshusha kwetu mwanamke wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amenyolewa, amevaa gauni lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko yeye, na mkononi alishika mfuko wa karatasi wenye vidonge. Barua yake ilisema amelazwa mwaka mmoja na miezi minane, amepata nafuu, na kwao ni Kibera. Niliandika jina lake katika kitabu cha kijani. Lilikuwa jina geni kwangu.

Tulikwenda kwa miguu, kitabu cha kijani kikiwa kwapani mwangu. Alizungumza njia nzima, kwa furaha ya mtu anayerudi.

"Mwalimu, unatembea kama umekimbizwa," alisema. Sote wa kituo tuliitwa mwalimu. "Miguu yangu imesahau barabara. Wodini tulikuwa tunatembea kutoka kitandani hadi dirishani, basi."

Akanieleza chumba chake, mlango ulivyokwama wakati wa mvua, msumari alipoangika beseni. Ana watoto wawili. Baba yao aliondoka kabla yeye hajaugua. Ugonjwa ulianza alipojifungua wa tatu, akafa mtoto huyo siku ya pili. Baada ya hapo hakumbuki mengi, ila aliambiwa aliokotwa kwenye reli bila nguo.

"Msichana wangu sasa yuko darasa la tano," akasema. "Utamjua tu. Alijimwagia uji wa moto akiwa mdogo, mkono wote huu." Akajishika mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi kifundo.

Tulikuwa tumesimama kando ya Ngong Road tukingoja magari yapite. Magari yakapita. Barabara ikawa tupu, na mimi sikuvuka.

Katika kitabu chekundu kulikuwa na nafasi iliyoandikwa Alama. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tuliandika kitu cha mwilini kitakachowatambulisha. Mwaka uliotangulia, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: kovu la moto, mkono wa kushoto, kiwiko hadi kifundo. Mistari miwili juu yake: baba, aliondoka. Mama, marehemu.

"Mwalimu, barabara iko wazi."

Nikamuuliza anakaa ploti gani.

"Mashimoni, kwa haboba. Yule Mnubi, karibu na maji."

Haboba ni bibi kwa Kinubi, na ndivyo wapangaji wote walivyomwita mwenye nyumba huyo. Nilimjua. Nilikuwa nimekalia kiti chake na kunywa chai yake siku nilipowaandikisha watoto hao.

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Mtu ametoka hospitali ya akili saa mbili zilizopita, unamwambiaje kwamba katika maandishi yako amekufa? Nikajiambia labda kuna wasichana wawili wenye kovu la namna moja. Nililishika wazo hilo kwa nguvu mpaka tulipovuka reli na kuanza kuteremka.

Kwenye kibanda cha maji kulikuwa na foleni ya wanawake na madebe yao. Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yake, mama muuza mandazi. Huyo pia nilimjua. Mwaka uliotangulia alilia mbele yangu, akajifuta macho kwa leso.

"Woi! Woi, yawa!" Debe lilimtoka mkononi, maji yakatumwagikia miguuni.

"Nini sasa?" Mgonjwa wangu alicheka. "Nimenyolewa tu. Ni mimi."

"Si wewe ulikufa?"

"Nilikufa lini? Na mbona hakuna aliyeniambia?"

Nyuma ya foleni watu walicheka. Mama wa mandazi hakucheka. Aliniona mimi, akaona kitabu kwapani mwangu, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Haboba alitoka kwa sababu ya kelele. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, aliyejitanda vizuri hata akiwa jikoni. Alimshika mpangaji wake mkono, akaupapasa kuanzia kiganja hadi bega, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ingia ndani, mwanangu. Mwalimu, ingia na wewe. Wewe hasa."

Tulikaa. Nilipewa kiti kilekile. Mama wa mandazi alibaki mlangoni, ameegemea fremu.

"Mwaka jana ulikaa hapo ulipokaa," haboba aliniambia. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nikakuuliza, wale ambao mama yao ni mgonjwa wa akili, mnawasaidia? Ukanijibu nini?"

Nilikumbuka neno kwa neno. "Nilisema mama akiwa hai, mtoto ni wa mama."

"Ukasema hivyo, ukafunika kalamu yako. Nikakwambia ngoja, maliza chai kwanza. Nikatoka nje. Niliporudi na hawa majirani, alikuwa ameshakufa."

Kanuni yetu ilitaka mashahidi watatu, na walikuja watatu. Walisema amezikwa nyumbani kwao, mbali, kwa hiyo sikuuliza kaburi. Jina lake halisi hawakulijua. Kule Mashimoni mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi niliandika hivyo hivyo, mama fulani, marehemu, nikaona kazi imekwisha. Kuhusu hospitali ile, wote waliamini aliyeingia harudi. Nadhani hawakuona kama wamedanganya. Waliona wametangulia kidogo tu.

Mama wa mandazi alianza kulia. "Usikasirike, dada. Mdogo alikuwa amevimba miguu. Alikuwa anaokota maganda ya ndizi pale kwangu, anakula na mchanga wake. Tungefanya nini?"

Yeye aliyekuwa amekufa alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameweka mfuko wa vidonge mapajani na kuukunja mdomo wake, akaukunja tena. Nilimtazama uso kama nilivyofundishwa, nikitafuta dalili. Sikuona dalili. Niliona mtu mzima anayefikiri.

"Na watoto?" akauliza mwishowe. "Wanajua?"

"Msichana anajua," haboba akasema. "Mdogo anajua umekufa."

Ilikuwa saa saba, saa ya kutoka shule kuja kula. Tulisikia viatu nje, viatu ambavyo sisi ndio tuliovitoa. Msichana aliingia akiwa amemshika mkono ndugu yake mdogo aliyemchukua kutoka shule ya nasari. Alisimama kizingitini. Alimwona mama yake. Akamvuta ndugu yake karibu. Kisha akageuza macho, akaniona mimi, akaona kitabu.

"Habari ya safari, aunty," akasema.

Mikono ya mama yake ilikuwa imeshanyanyuliwa kumpokea. Ikabaki hewani. Alinitazama, akamtazama msichana, akamtazama yule mdogo mwenye mashavu na miguu minene iliyonyooka vizuri. Kisha mikono ikashuka.

"Nzuri," akasema. "Umekuwa mkubwa."

"Huyu ni nani?" mdogo akauliza.

"Ni aunty. Ametoka nyumbani. Msalimie."

Akamsalimia, akapiga mbio kuangalia sufuria.

Nimeona mambo katika kazi ile. Nimeingia vyumba ambavyo sikutaka kuviingia tena. Lakini sikuwahi kupigwa na kitu kama nilivyopigwa na sauti ya mtoto yule wa miaka kumi na mmoja. Nikamwambia, "Mimi najua huyu ni nani. Mimi ndiye nimemleta. Mwite tu mama."

Alinitazama kama mtu anayeonyeshwa mtego.

"Mama yetu alikufa, mwalimu."

Ilikuwa ni sauti ileile ya mwaka uliotangulia, safi, bila kutetemeka. Wakati ule nilikuwa nimeandika pembeni mwa ukurasa: msichana anajibu maswali vizuri.

Nilipoondoka, mama yao alinisindikiza hadi kwenye reli, kama mgeni anavyosindikizwa. Tulipofika juu akasimama.

"Kwa kitabu chako, nilikufa na nini?"

"Kifua. Wiki tatu."

Akaitikia kwa kichwa. "Afadhali. Niliogopa waliandika wazimu."

Akatazama chini kwenye mabati ya Mashimoni na moshi wa mchana. Kisha akaniomba. Msichana amebakisha darasa la tano, la sita na la saba. Yeye hana kazi, hajui kama kichwa kitatulia, hajui kama ataweza kununua hata daftari moja. Nimwache vile nilivyomwandika mpaka msichana afanye mtihani.

"Na mdogo?" nikauliza. "Utamwambia?"

"Mdogo ana mdomo. Akijua leo, Jumamosi kituo chote kinajua. Aniite aunty kwanza."

Nilikubali. Nilikubali upesi sana, na upesi huo bado unanishtua. Nilirudi Kawangware, nikafungua kitabu cha kijani, nikaandika: amefikishwa salama, amepokelewa na jamaa.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wa vitabu viwili walikaa benchi moja uwanjani. Yeye alikuja na wanawe, akaweka kidole gumba kwenye kitabu cha kijani, akaingia kudungwa. Msichana akatia sahihi kitabu chekundu, akapokea unga. Sikuwahi kumsikia akikosea, hata alipochoka, hata siku alipokuja na homa na mama yake akamlaza mapajani. "Aunty, maji," alisema. Siku moja muuguzi aliuliza watoto hawa wazuri ni wa nani.

"Wa dada yangu, marehemu," mama yao akajibu.

"Pole sana."

"Asante."

Nilikuwa naandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

Nywele zake ziliota. Alipata kazi ya kufua katika nyumba za serikali ng'ambo ya reli, akaikosa, akapata nyingine. Hakurudi wodini. Muuguzi alisema ni katika wagonjwa wetu waliopona vizuri kuliko wote, na mimi niliyejua alikuwa akimeza nini pamoja na vidonge vyake nilinyamaza.

Msichana alifanya mtihani wa darasa la saba, akapita, akapata nafasi ya sekondari. Wiki hiyo nilimpelekea mwenyekiti wetu vitabu vyote viwili, nikavifungua mbele yake pamoja. Alikuwa mama wa Riruta, mkali, wa sala nyingi. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewatoa."

"Ndiyo," akasema. "Ningewatoa." Aliangalia foleni ya uji dirishani. Kisha akanisogezea kalamu yangu. Nikakata neno marehemu kwa mstari mmoja.

Nilikwenda Mashimoni mchana huohuo nikiwa na kitabu. Haboba alipika chai ya maziwa. Mama wa mandazi alileta mandazi, hakutaka kukaa, akasimama mlangoni kama siku ile. Msichana ndiye aliyemwambia ndugu yake, amepiga magoti mbele yake, amemshika mabega. Alimwambia yote, tangu hospitali. Alipofika mwisho sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza nikiwepo.

Mdogo sasa alikuwa wa miaka saba. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyemfulia na kumpikia karibu miaka mitatu, akatikisa kichwa.

"Mama yangu alikufa," akasema. "Iko kwa kitabu ya mwalimu."

"Nimefuta," nikamwambia. "Njoo uone."

Nikaufungua ukurasa magotini mwangu. Alikuja, akaweka kidole kwenye mstari, akaufuata herufi kwa herufi, midomo ikisogea. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka huo.

"Bado inasomeka," akasema.

Mama yake akainuka, akammiminia chai kikombeni, akaipuliza ipoe, akamwekea mkononi.

"Asante, aunty," akasema, kama alivyofundishwa.